Ruzuku ya Kupanga Ardhi na Mvua: Somo kwa Wakulima wa Kayole

Ndugu mkulima, somo la mwezi huu si la mbegu wala la samadi. Ni somo la fedha za ruzuku, yaani fedha zinazotolewa kwa kazi maalum, na ambazo mwananchi hazirudishi kama mkopo. Tutajifunza fedha hizi zatoka wapi, zafikaje mpaka wadini, na yakupasa ufanye nini wewe unayelima Kayole ili shamba lako lisisahauliwe wakati mpango unapoandikwa.

Labda utasema, "Mimi sina shamba. Nina magunia manane ya sukuma wiki nyuma ya nyumba, na kipande cha nduma kando ya mto." Basi hilo ndilo shamba lenyewe. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Tangu hapo mkulima wa mjini si mtu wa kujificha. Sheria yamtambua, ingawa pia yamwekea masharti.

Kwa nini tunahitaji mpango

Mvua za masika ya mwaka 2024 zilileta mafuriko makubwa. Katika Kenya nzima watu zaidi ya 200 walikufa, na mjini Nairobi mito ilijaa mpaka maji yakaingia majumbani. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei mwaka huo serikali iliwaamuru watu waliokaa karibu na mito wahame, na nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni zikabomolewa. Miaka michache tu kabla ya hapo, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya nchi. Yaani mkulima yule yule hupata kiangazi kirefu kuliko alivyozoea, kisha mvua nyingi kuliko alivyotazamia.

Udongo wetu nao una tabia yake. Sehemu kubwa ya mashariki ya Nairobi ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua ikinyesha hufura, nyufa hujifunga, na maji hayashuki tena chini bali hutembea juu ya ardhi. Ongeza hapo mabati ya mapaa, saruji ya nyua na lami ya barabara. Maji yote hayo hutafuta bonde, nayo mabonde yetu ni ya Mto Nairobi na Mto Ngong, ambayo hukutana upande huu wa mashariki ya mji. Maji ya mji mzima hupita kwetu yakienda zake.

Kwa hiyo mkulima wa bondeni ana hatari mbili. Ya kwanza ni maji yenyewe. Ya pili ni mpango ulioandikwa bila yeye. Mafuriko huchukua mboga za msimu mmoja, na mwenye nguvu hupanda tena. Lakini kama ramani ya serikali itaonyesha kwamba hapo mtoni hapana mkulima, ila pana "eneo tupu" au "wavamizi", basi siku kazi itakapoanza hapatakuwa na mtu wa kuulizwa. Jihadhari na hatari hii ya pili, maana haina ngurumo.

Fedha zatoka wapi

Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, nayo ikarekebishwa mwaka 2023. Sheria hiyo yazitaka serikali za kaunti ziingize jambo la tabianchi katika mipango yao ya maendeleo.

Lakini kazi ya kupeleka fedha hizi mashinani ilikuwa imekwisha kuanza kujaribiwa katika kaunti tano, nazo ni Isiolo, Garissa, Wajir, Makueni na Kitui. Huko palianzishwa mfuko wa kaunti wa tabianchi. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka. Katika kila shilingi 100, shilingi 70 ziliwekwa kwa kazi zilizochaguliwa na kamati za wadi, shilingi 20 kwa kazi za kaunti nzima, na shilingi 10 kwa gharama za kuendesha mambo. Makueni iliweka kanuni za mfuko wake mwaka 2015.

Tazama walivyotumia fedha hizo. Wengi walichagua maji, kama mabwawa ya mchanga na matangi ya kukinga maji ya mwambani. Lakini Isiolo wafugaji walitaka pia fedha za kuwapa nguvu wazee wa dedha, yaani wale wazee wa Kiborana wanaoamua malisho gani yatumike sasa na yapi yawekwe akiba ya kiangazi. Hawakuomba jengo. Waliomba nauli na mikutano ili amri za wazee zifike kwa kila mfugaji. Hapa pana fundisho kubwa kwetu: kutunza ardhi si saruji peke yake. Mara nyingine jambo linalopungua ni watu kukaa pamoja na kupatana.

Kutokana na mafunzo ya kaunti hizo tano, ukaja mpango wa nchi nzima wa kugharimia kazi za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, ambao maofisini huitwa FLLoCA. Benki ya Dunia iliuidhinisha mwezi wa Oktoba 2021 kwa dola milioni 150, na nchi nyingine za nje zikachangia. Msimamizi wake ni Hazina ya Taifa. Kwa serikali ya Kenya sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo. Kwa kaunti na wadi zinafika kama ruzuku. Kwa maneno mengine, deni litalipwa na kodi zetu sote. Hiyo ni sababu nyingine ya kuzisimamia vizuri.

Ruzuku za namna mbili

Usichanganye mambo mawili haya. Ruzuku ya kwanza ni ya kujitayarisha. Kwayo kaunti hutunga sheria, huweka kamati, hufundisha watumishi, huwauliza wananchi juu ya hatari zinazowakabili, na huandika mpango wa kazi. Ruzuku ya pili ni ya kazi zenyewe, kama mitaro, matangi, miti na kingo za mito. Kaunti isiyotimiza masharti ya kwanza haipati fungu la pili. Tena yatakiwa itenge sehemu ya bajeti yake yenyewe ya maendeleo kwa ajili ya tabianchi, isipungue 1.5 kwa mia.

Wakulima wengi hupuuza ruzuku ya kwanza. Husema, "Hiyo ni ya mikutano na karatasi, tuiteni siku ya matangi." Hilo ni kosa. Kazi ya pili hufuata karatasi ya kwanza. Mtaro usioandikwa katika mpango hauchimbwi, hata kama wote wauona unahitajiwa.

Jambo jingine: fedha hizi hazigawiwi mtu mmoja mmoja mkononi. Kaunti ndiyo inayotafuta mkandarasi na kumlipa, kwa kazi iliyopendekezwa na wananchi kupitia kamati ya wadi. Basi mtu akija uani kwako akikuuzia fomu ya ruzuku, au akikuomba ada ili jina lako liingizwe katika orodha ya malipo, usimpe hata senti. Mwulize jina la ofisi yake, kisha uende wewe mwenyewe ofisini ukahakikishe.

Hesabu kidogo

Watu huvunjika moyo kwa kutojua kiasi cha fedha. Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme kaunti ina shilingi bilioni 10 za maendeleo kwa mwaka. Sehemu ya 1.5 kwa mia ni shilingi milioni 150. Tukifuata mgawo wa zile kaunti tano, sehemu ya wadi ni 70 kwa mia, yaani shilingi milioni 105. Nairobi ina wadi 85. Ukigawanya sawasawa, kila wadi yapata kama shilingi milioni 1 na laki 2 na kidogo.

Fedha hizo hazitoshi kujenga ukuta wa mawe kando ya mto mzima. Lakini zaweza kutosha kuchimba mtaro wa kugeuza maji, kupanda nyasi na mianzi ukingoni, na kuweka matangi katika shule kadhaa. Mkulima anayejua hesabu hii haombi mambo makubwa yasiyopatikana, wala hakubali kudanganywa kwa mambo madogo yaliyoandikiwa bei kubwa.

Mambo matano ya kufanya

Kwanza, undeni kikundi na mkiandikishe. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ya mwaka 2022 yataka wanachama wasiopungua 10. Andikeni katiba fupi, chagueni mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, na mweke kumbukumbu za kila mkutano. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wapangaji, kina mama wanaolima vipande vidogo, na vijana wasiwekwe nyuma, kwa kuwa Kayole wengi wanaolima si wenye hati za ardhi.

Pili, ijueni kamati yenu. Eneo bunge la Embakasi ya Kati lina wadi tano: Kayole Kaskazini, Kayole ya Kati, Kayole Kusini, Komarock, na Matopeni/Spring Valley. Mto haujui mipaka ya wadi. Mtaro ukichimbwa katika wadi moja bila kushauriana na nyingine, maji yatahamishwa tu kutoka kwa jirani huyu kwenda kwa jirani yule. Nendeni kwa msimamizi wa wadi mkaulize: wajumbe wa kamati ya tabianchi ni nani? Mkutano ujao ni lini? Awamu gani ya fedha iko wazi sasa? Mpango wa kaunti wasemaje juu ya mtaa wetu?

Tatu, andikeni ushahidi. Maneno ya "tunateseka sana" yasikitisha lakini hayapimiki. Chukueni kamba yenye fundo kila mita moja. Pimeni kutoka ukingo wa mto mpaka mahali maji yalipofika mwaka 2024. Alama za tope bado zaonekana katika kuta nyingine, na wazee wanakumbuka. Andikeni tarehe, kina cha maji, wakulima wangapi walipoteza mimea, na mimea gani. Choreni ramani kwa mkono: mto, njia, mifereji iliyoziba, visima, mashamba, na mahali watoto wanapovukia. Kisha andikeni kalenda ya mwaka mmoja, mwezi kwa mwezi: lini mvua, lini maji ya mfereji hukatika, lini mboga huwa ghali. Daftari kama hilo lina nguvu mbele ya kamati kuliko hotuba ya saa nzima.

Nne, chagueni kazi ambayo sheria yairuhusu. Sheria za Kenya juu ya ukingo wa mto hutaja vipimo mbalimbali, kuanzia mita 6 mpaka mita 30, nazo hukataza kulima ovyo hapo. Basi msiombe fedha za kulima mpaka majini, kwa maana mtakataliwa, na tena mtakuwa mmejishtaki wenyewe. Ombeni ukingo upandwe nyasi za tembo na mianzi, ambayo mizizi yake hushika udongo, nanyi mpewe ruhusa kwa maandishi ya kuitunza na kukata majani kwa ng'ombe na mbuzi. Mboga zisogezwe juu, katika magunia na matuta yaliyoinuliwa. Kwa njia hii mto hupata kinga, na mkulima habaki mikono mitupu.

Tano, fuateni fedha mpaka mwisho. Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Tena Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yakupa haki ya kuomba kwa barua habari zilizo katika ofisi ya umma, na ofisi yapaswa ikujibu katika siku 21. Ulizeni: kazi hii imeandikiwa shilingi ngapi? Mkandarasi ni nani? Mtaro una urefu gani katika karatasi? Kisha rudini na ile kamba yenu yenye mafundo mkaupime ardhini.

Maji ya paa: mfano wa ombi zuri

Tuchukue mfano mmoja ili mwone jinsi ombi linavyoandikwa. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba, likipata mvua ya milimita 20, litatoa lita 800. Toa kama sehemu moja kwa tano kwa maji yanayorukia nje na yale ya kwanza ya kusafishia paa, utabaki na lita 640. Ikiwa kila gunia la mboga lanyweshwa lita 4 kwa siku, maji hayo yatanywesha magunia manane kwa siku 20. Maji hayo hayo yasipokingwa, yatakwenda kuongeza mafuriko bondeni. Kwa hiyo tangi moja lafanya kazi mbili: laponya kiangazi na lapunguza mafuriko.

Lakini hapa pana swali ambalo ombi zuri halilikwepi. Paa ni la mwenye nyumba, na mlimaji ni mpangaji. Tangi likisha kuwekwa, maji ni ya nani? Na mpangaji akihama, je? Patana na mwenye nyumba kabla, na mwandike. Kama hamwezi kupatana, ombeni matangi yawekwe mahali pa umma, kama shule au zahanati, na kikundi kiwe na zamu ya maji iliyoandikwa. Matangi mengi hugeuka chanzo cha ugomvi kwa sababu ya sentensi moja iliyokosekana katika karatasi.

Onyo juu ya udongo na maji machafu

Kabla hamjaomba fedha za kupanua mashamba, ombeni udongo na maji vipimwe. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya jaa la taka la Dandora, ambalo liko karibu nasi. Watoto 328 walichunguzwa, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiasi kilichofika au kupita kile kilichohesabiwa kuwa hatari wakati huo. Risasi haionekani katika jani la mchicha, haina harufu, wala haiishi kwa kupikwa. Tena maji ya mfereji wa uchafu, ingawa hunenepesha mboga, hubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara. Basi gharama ya kupima udongo iandikwe ndani ya mpango. Mpango unaopanua kilimo bila kupima udongo waweza kulisha mtaa sumu kwa fedha za umma.

Mwaka 2025 serikali ya taifa ilianzisha kazi kubwa ya kuutengeneza upya Mto Nairobi na kingo zake. Hiyo nayo ni sababu ya daftari lenu kuwa tayari. Watu wa ramani wakija ukingoni, kikundi kilicho na orodha ya wakulima, vipimo na kumbukumbu za mikutano kitakuwa na jambo la kuonyesha. Asiye na chochote ataambiwa asogee.

Mwisho wa somo

Ndugu mkulima, fedha za kupanga si nyingi, na njia yake ina milango mingi. Lakini mlango wa kwanza uko wadini, nao haulipiwi kiingilio. Usingoje mvua ijayo ikukumbushe. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta, kama ulivyoona katika hesabu, ni ghali kuliko fungu la wadi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ruzuku ya kujitayarisha ina tofauti gani na ruzuku ya kazi? Kwa nini anayekosa mikutano ya kwanza hukosa pia matangi?

2. Wafugaji wa Isiolo waliomba fedha za kuwapa wazee nguvu badala ya jengo. Je, Kayole pana jambo gani la kutunza ardhi linalohitaji kupatana kuliko saruji?

3. Paa lenu lina mita ngapi za mraba? Likipata mvua ya milimita 15, mtakinga lita ngapi baada ya kutoa sehemu moja kwa tano?

4. Taja wakulima wa mtaa wenu ambao hawajapata kufika katika baraza la wadi. Ni nani atakwenda kuwaita?